Dhima ya Mkono wa Mwisho

Ntoto, mahali zinapokutana wilaya za Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo, pana soko, na katika soko hilo, mwezi wa Machi 1993, watu waliokwenda kuuza na kununua waliuawa kwa wingi, mauaji yakaenea Masisi. Naanza hapo kwa makusudi, kwani wako wadaio kwamba vita vyote vya Kivu asili yake ni madini, ilhali mwaka ule waliogombana waligombania ardhi na haki ya kuitwa raia. Koltani, mojawapo ya madini hayo, ilipopanda bei mwaka 2000, iliukuta uadui umekwisha zaliwa, ikaunyonyesha.

Machimbo ya bati ya Bisie, msituni Walikale, yalipoanza mwaka 2002, mpagazi alijitwika gunia la kilo 50 akashika njia ya mguu hadi Njingala, penye barabara, na kila kizuizi chenye mtu wa bunduki kikimtoza chake. Na huko Rubaya, penye koltani ya Masisi, baada ya waasi wa M23 kuiteka mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka huo kwamba ushuru wa koltani uliwapatia waasi hao yapata dola 800,000 kila mwezi. Mataifa yenye viwanda huiita hali hii uhaba na hatari ya biashara. Mimi naiona kwanza kuwa mas'ala ya dhima.

Mafakihi wa Kishafi, ambao vitabu vyao vimesomeshwa Lamu na Unguja kwa vizazi, walihukumu kwamba mali iliyoghasibiwa humtia katika dhamana kila aipokeaye baada ya mnyang'anyi, ijapokuwa hakujua. Mtu atasema koltani haikuporwa, kwamba mchimbaji ameiuza kwa hiari na kilichoporwa ni ushuru tu. Lakini ushuru huo umo ndani ya bei, na fedha ya mnunuzi wa mwisho ndiyo inayoulipa. Lebo ifungwayo guniani hutaja shimo yalikotoka madini, na hata ikisema kweli, jambo lisilo la kila mara, haimvui mtu dhima.

Wala kujitenga na madini hayo hakutoshi: Septemba 2010 serikali ya Kinshasa ilipopiga marufuku uchimbaji wa Kivu na Maniema hadi Machi 2011, walioathirika mbele ya wote ni wenye kula kwa sururu. Toba katika haki ya mja ina sharti la kurudisha, na wa kurudishiwa hatafutwi mbali; yuko njiani sasa hivi, gunia limemkaza mabega, anashuka matopeni kwa hatua fupi.