Nyuso za Fizi na Lenzi ya Zamani

Picha za mwanamapinduzi Che Guevara akiwa katika milima yetu ya Fizi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1965 zimezunguka dunia nzima. Za wazee wetu waliompokea, wakamlisha na kupigana pamoja naye, ziko wapi? Chache zilizokuwepo zilibaki ukutani na sandukuni vita vilipofika mwaka 1996, vikarudi tena 1998. Watu walikimbilia boti wakiwa na watoto mgongoni. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, wakaishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu. Meli za kuwarudisha zilipoanza kutia nanga katika mji wetu wa Baraka mwaka 2005, wapo walioshuka bila picha hata moja ya wazazi wao.

Ndiyo maana nikiona kamera ya zamani inauzwa kama chuma chakavu, moyo unaniuma.

Ya kwetu, niliyoitengeneza nyumbani, ni lenzi ya Helios 44-2, iliyokuja na kamera ya Zenit-E. Kamera hizo zilitengenezwa kwa mamilioni Krasnogorsk, karibu na Moscow, na mpangilio wa vioo vya lenzi hiyo ulifuata Biotar ya Carl Zeiss ya Jena, Ujerumani: vioo 6 katika mafungu 4. Lenzi hii ilikuwa ya baba mkubwa, aliyepiga picha za kitambulisho, arusi na ubatizo. Ilivuka ziwa imefungwa ndani ya kitenge, ikarudi vilevile. Lakini grisi yake ilikuwa imekauka, pete ya kulenga umbali haizunguki, na kuvu ilikuwa imetandaza nyuzi zake juu ya kioo cha nyuma.

Kazi ya kufungua haina haraka. Unalegeza visikrubu vidogo vinavyoshika pete ya umbali, kisha unazungusha polepole ukisubiri hesi iachie. Hapo ndipo penye siri yote. Hesi ya lenzi ina mianzo kadhaa, kwa hiyo wakati wa kurudisha itakubali kuingia mahali pengi, na ni mahali pamoja tu palipo sahihi. Ukikosea, pete itazunguka vizuri kabisa, lakini milima haitaonekana sawasawa tena. Basi kabla sehemu mbili hazijaachana unachora mstari kwa msumari mwembamba, na unapiga picha kila hatua kwa simu.

Grisi iliyokauka niliiondoa kwa pamba na petroli ya kiberiti. Mafundi wengi hapa wangepaka grisi ya pikipiki, nami nasema wazi kwamba hiyo ni kuua lenzi. Kwa joto la kandokando ya ziwa huyeyuka, mafuta yake yakatambaa hadi kwenye vibapa 8 vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, navyo vinatakiwa kuwa vikavu kabisa. Inatakiwa grisi nzito isiyotiririka, tena kidogo sana. Kuvu niliifuta kwa alkoholi safi ya duka la dawa. Mahali ilipokwisha kula utando wa kioo pamebaki alama, wala hazizuii picha.

Kilichobaki ni kuipima kwa mbali. Mchana nilielekeza lenzi kwenye milima ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Usiku usio na mwezi wavuvi wa ndagala walipowasha taa zao ziwani, nikapata kipimo kizuri kuliko vyote: kila taa iwe nukta moja kali wakati pete imefika mwisho. Nikasogeza pete ya umbali kidogo kidogo hadi ikawa hivyo, nikakaza visikrubu.

Filamu hapa hazipatikani, kwa hiyo lenzi imefungwa kwa pete ya kuunganishia kwenye kamera ya kidijitali. Watu huniuliza: kwani simu haitoshi? Kwa mambo ya kila siku inatosha. Lakini simu humpiga mzee akiwa anapita. Lenzi ya kuzungusha kwa mkono humtaka akae na atulie, nami nizungushe pete hadi kope zake zionekane. Katika kukaa huko mama jirani yangu, aliyerudi kutoka Nyarugusu, alianza kunitajia vijiji na majina ya watu ambayo hata watoto wake hawakuwahi kuyasikia. Picha yake niliichapisha kwenye karatasi, kwa kuwa simu ikianguka ziwani picha zote huenda nayo. Nyuma ya karatasi tuliandika jina lake, la baba yake, kijiji na mwaka.

Ndugu msomaji, kama kuna kamera ya mzazi ndani ya sanduku la nguo, itoe kabla mvua hazijaanza. Kuvu hupenda giza na unyevu. Iweke penye hewa na mwanga. Hata kama haitengenezeki, tafuta kamera yoyote, umpige picha mkubwa wa nyumba yenu mwaka huu, uichapishe, na uandike jina lake nyuma.