Kabla ya Kusema "Ng'oa Tu"

Huenda umeamka umeshika shavu. Jino limekunyima usingizi, karafuu umetafuna, dawa za maumivu umemeza, na sasa umeapa: nikifika kwa daktari, ang'oe tu yaishe.

Nakuelewa. Kung'oa hakutoboi sana mfuko. Kutibu mzizi ili jino libaki ni kazi: daktari hutoboa jino, huondoa mshipa uliooza, husafisha mifereji ya mizizi kwa visindano vyembamba, kisha huijaza na kuiziba. Gego mara nyingi huvikwa kofia, lisije likapasuka siku ya mfupa wa kuku.

Lakini pengo nalo lina gharama, ila hutozwi siku ile. Meno ya jirani huanza kuliinamia. La juu, likikosa mwenzake wa kusagiana, hushuka taratibu. Na lile gego la ukubwani linalochomoza mtoto akiwa na miaka 6 hivi, wazazi wengi hudhani ni la utoto, wakaliacha lioze. Jamani, hilo likitoka halina mrithi.

Yapo meno yasiyookoka: lililopasuka mpaka mzizini, au lililobaki kisiki chini ya ufizi. Hayo yang'olewe bila kinyongo. Mengine, omba kwanza picha ya eksirei, kisha umuulize daktari: "Lingekuwa lako, ungefanyaje?" Na kama shavu limevimba na homa imepanda, usingoje Jumatatu. Nenda leo.