Amana ya Tembo Kaavan

Mwaka 1985 tembo mdogo aitwaye Kaavan alitolewa Sri Lanka akapelekwa Pakistani kuwa hidaya ya dola kwa dola, akawekwa katika bustani ya wanyama ya Marghazar mjini Islamabad. Na tangu mwaka 2012, alipokufa mwenziwe Saheli, akabaki peke yake, akitikisa kichwa huku na huko mchana kutwa. Mwezi wa Mei 2020 Mahakama Kuu ya Islamabad, chini ya Jaji Mkuu Athar Minallah, iliamuru aondolewe, na mwezi wa Novemba akasafirishwa kwa ndege hadi Kambodia.

Wako wasemao kuwa Mola amewatiisha wanyama kwa binadamu, na kauli hiyo ni ya haki. Lakini kutiishiwa si kumilikishwa, na aliyepewa amana ndiye atakayeulizwa zaidi. Hadithi mashuhuri ya Mtume yatuarifu habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kwa kuwa alimfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie riziki yake. Na kila niikumbukapo hunishtua sehemu ile ya pili, maana kosa halikuwa njaa peke yake, bali na mlango pia. Kaavan alilishwa. Alichonyimwa ni jamaa, na Kurani, katika Suratul An'am, yatufunza kuwa wanyama nao ni umma mfano wetu: basi aliyetengwa na umma wake, majani yatamfaa nini?

Huko Kambodia, penye uzio, aligusana mkonga na tembo mwenziwe, baada ya miaka 8 ya upweke.