Neno "Fitina" na Maana Yake



Kijana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia katika Uislamu alinijia akiwa na huzuni. Babaye, ambaye si Mwislamu, alikuwa amemwambia: "Umeleta fitina katika nyumba yangu." Kisha kijana akasoma katika Kurani Tukufu kwamba fitina ni uovu uliozidi kuua. Akaniuliza: "Je, mimi ni mbaya kuliko muuaji?"

Swali hilo lataka jibu la haki. Katika Kiswahili, fitina ni uchongezi, na mfitini ni yule achukuaye maneno ya huyu akampelekea yule ili wagombane. Hiyo ni tabia mbaya bila shaka. Lakini maana ya Kiarabu ni pana zaidi. Imamu Raghib, aliyeyafasiri maneno ya Kurani, aeleza kwamba asili yake ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane iliyo njema na iliyo mbaya.

Kutokana na asili hiyo zimetoka maana mbili. Ya kwanza ni jaribio. Sura Al-Anfal husema kuwa mali na watoto ni fitina, wala haina maana kwamba watoto wetu ni wachongezi! Ya pili ni kumtesa mtu ili aiache imani yake. Sura Al-Buruj, baada ya kuwataja watu wa mahandaki ya moto, hutumia kitenzi cha asili hiyo hiyo kwa wale wawatesao waaminio.

Maana hii ya pili ndiyo ya aya iliyomtisha kijana yule. Aya hiyo yahusu mateso ya Makka: Bilali alilazwa juu ya mchanga wa moto, Bibi Sumayya aliuawa, wengine walikimbilia Uhabeshi, na mwaka 622 Mtume s.a.w. mwenyewe alihamia Madina. Muuaji huuharibu mwili. Lakini amlazimishaye mtu kukana ayajuayo moyoni hutaka kuiharibu nafsi.

Waislamu walipopigana wao kwa wao katika zama za Ibn Zubair, Abdullah bin Umar r.a. alitakiwa apigane kwa hoja ya kuiondoa fitina. Imepokewa katika Bukhari kuwa alijibu, kwa maana, kwamba wao walikwisha kupigana zamani, Waislamu walipokuwa wachache na mtu akiteswa kwa ajili ya dini yake; bali hao waliomwita walitaka vita ambavyo vingeleta fitina.

Basi nilimwambia kijana: Kuamini tofauti na babayo si fitina. Fitina ni kulazimishana. Hata hivyo, jihadhari. Ukiidhihaki ibada ya mzee wako, au ukiwachochea ndugu zako wasimheshimu, hapo utakuwa mfitini kweli. Sura Luqman imeamuru kwamba wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu usiwatii, lakini ukae nao kwa wema.

Alikwenda kumwamkia babaye. Siku ile hakuitikiwa. Nikamshauri arudi tena kesho yake, naye akarudi.

Nawe, msomaji mpenzi, usikiapo mtu akiitwa mfitini kwa ajili ya imani yake, uliza kwanza: Kati ya hawa wawili, ni nani amlazimishaye mwenziwe? Mwenyezi Mungu atuepushe na kutesa na kuchongea. Amin.