Je, Kila Kigumu ni Kitakatifu?



Huko Ulaya wapo watu wanaoendesha baiskeli za milimani kwenye theluji, baridi inakata uso, na wanafurahi kweli. Hapa Makunduchi theluji hatuna, ila mwezi wa 6 na wa 7 tuna kusi. Nawaona watu wakirudi kutoka Jambiani, keria imejaa mzigo, upepo unawajia usoni njia nzima. Yule wa theluji kachagua taabu yake. Hawa wa kusi wanarudi tu nyumbani kulisha watoto. Nani ana fadhila zaidi?

Sisi vijana, hasa Kwaresima, tunapenda kupima utakatifu kwa ugumu: nimefunga siku ngapi, nimekesha mara ngapi. Lakini Mt. Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mastahili hutegemea zaidi wema wa tendo kuliko ugumu wake. Mwizi naye hukesha!

Simdharau wa theluji. Anaufundisha mwili kutii, na hilo ni jema. Ila Tomaso anasema pia kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili, kuliko kushambulia. Na upepo wa kustahimili mara nyingi hatuuchagui: bibi mgonjwa, kazi isiyolipa, mdogo wako anayehitaji ada.

Basi ukijivunia jambo gumu, jiulize: lingekuwa jepesi, bado lingekuwa jema? Kama jibu ni ndiyo, kanyaga pedali. Kama siyo, shuka, kuna mtu nyumbani anakusubiri.