Juma Moja la Kila Mwaka, Milele

Huanza kwa zawadi. Mume na mke wa makamo, waliofika Tenerife kutoka kaskazini ya Uingereza kuikimbia baridi, wanatembea kando ya bahari. Kijana mchangamfu anawapa kadi ya kukwangua, na kadi, kwa bahati isiyokosea kamwe, inashinda. Ila zawadi haitolewi pale pale. Sharti wakaichukue ukumbini, na ukumbini kuna viti vya starehe, vinywaji baridi, picha za chumba kinachotazama maji, na mtu wa maneno laini asiyejua kuchoka. Waliahidiwa dakika 90. Jua linapinda, nao wangali wamekaa. Wameshasema hapana mara nne, na kila hapana imejibiwa kwa bei iliyopunguzwa na onyo kwamba bei hiyo haitakuwapo tena wakishautoka mlango. Mwishowe wanatia saini, nusu kwa kupenda, nusu kwa haya. Kwani si wepesi kumvunja moyo mtu aliyekukirimu.

Walichokinunua ni juma moja. Si nyumba wala chumba, bali haki ya kulala chumbani humo siku saba za kila mwaka, majuma mengine yakiwa ya watu wasiowajua. Biashara hii ilizaliwa Ulaya katika miaka ya 1960, huko milimani Uswisi na Ufaransa, kisha ikavuka bahari na kunawiri Florida. Kwa asili yake si wazo ovu. Kumiliki kwa zamu ni jambo la kale, na wenyeji wa Oman walilijua kabla ya hoteli yoyote: maji ya falaji hugawanywa kwa muda, na mtu huweza kumiliki fungu lake la muda huo, akaliuza, akalikodisha au akalirithisha. Lakini fungu la maji lina wa kulitaka. Mwenye kuchoka nalo hatafuti njia ya kulikimbia, maana yupo jirani mwenye mitende na kiu.

Juma la Tenerife halina jirani wa namna hiyo. Pamoja na bei, mnunuzi hujifunga kulipa ada ya matunzo kila mwaka, awe amekwenda au hakwenda, na ada hiyo hupanda kwa uamuzi ambao yeye ana sauti ndogo sana ndani yake. Mikataba mingi ya zamani haikuwa na mwisho. Iliandikwa kuwa ya milele, neno ambalo binadamu wengine hulitumia kwa hadhari hata katika mapenzi. Miaka 20 ikapita, magoti yakaanza kuuma, mume akatangulia mbele ya haki, na mjane akabaki na juma asiloweza kulitumia na ada asiyoweza kuikwepa. Akitaka kuuza, hukuta majuma kama lake, yaliyonunuliwa kwa maelfu, yakitangazwa kwa dola 1 na bado hayana mteja.

Je, ana haki ya kujitoa?

Wahenga walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni kulipa. Anayeshikilia hilo ana hoja, wala asibezwe. Mjane huyu hakuwa mtoto wala mwendawazimu alipotia saini. Aliogopa kuonekana mchoyo, lakini hofu, kwa mujibu wa Thomas Hobbes katika kitabu chake cha mwaka 1651, haitoshi kuivunja ahadi. Hata aliyemwahidi mnyang'anyi fidia ili aokoe roho yake hufungwa na neno lake, madhali sheria ya nchi haikumfungua. Hukumu hiyo ni kali mno, ila ndani yake mna jambo la kweli: dunia ambayo kila mwenye kujuta huamka asubuhi akaifuta saini yake haikaliki.

Hata hivyo, ahadi mbili zimefungwa hapa katika kamba moja, na ni vyema zifunguliwe. Ya kwanza ni ya bei. Hiyo alikwisha kuilipa, na deni lake limekufa. Ya pili ni kulipa kiasi kisichojulikana, kwa muda usio na ukomo, ili kupata kitu ambacho huenda asikitake. John Stuart Mill aliligusa suala hili mwaka 1848 alipoandika juu ya uchumi. Yeye aliamini kwamba mtu mzima ndiye mjuzi wa maslahi yake, lakini alitoa mapatano ya milele katika kanuni hiyo, kwa sababu anayeamua leo, bila ya njia ya kurudi nyuma, kitakachomfaa katika siku za mbali, huamua juu ya mtu asiyemjua bado. Mke wa miaka 48 ukumbini hakuwa wakili wa mjane wa miaka 74. Alimwekea dhamana bila ya kumuuliza.

Sheria za Ulaya zilichelewa kuliona hilo, kisha zikaliona nusu. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1994 kwa kumpa mnunuzi siku 10 za kughairi, zikawa 14 kwa agizo la mwaka 2009, lililokataza pia kupokea malipo yoyote ndani ya siku hizo. Florida nayo hutoa siku 10. Wanaoijua fiqhi hawatashangaa, kwani mlango wa biashara una khiyari ya majlisi kabla wawili hawajaachana, na khiyari ya sharti ambayo Mashafii huikomesha siku ya tatu. Siku hizi ni dawa ya ukumbi na ulimi; hazimfai mtu ambaye majuto yake yamemfikia pamoja na uzee. Uhispania ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, na Januari 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaanza kutangaza kuwa mikataba ya milele iliyotiwa saini chini ya sheria hiyo ni batili.

Ugumu wa kweli wa kimaadili lakini haumo katika kuvunja. Umo katika njia ya kutokea, kwani kila njia inampitia mtu mwingine. Akimuuzia mgeni bila ya kumweleza habari ya ada, ameficha aibu ya bidhaa na kumtia mwenziwe katika shimo alilotoka yeye. Akiwaachia wanawe, amewarithisha bili. Akiacha tu kulipa, paa la jengo halijui kuwa yeye amechoka. Litavuja vile vile, na gharama itawaangukia wenye majuma waliobaki, ambao wengi wao ni wajane kama yeye. Na zipo kampuni zinazojitangaza kuwatoa watu, zikadai malipo mbele, nyingine zikatoweka na fedha. Wafanyabiashara wenyewe wana jina la hila moja: merikebu ya Viking. Majuma mengi huandikishwa kwa kampuni ya jina tupu, isiyo na mali wala nia ya kulipa, kisha huachwa izame na shehena yake. Watu wa pwani wanajua kuwa chombo kikizama karibu na bandari, mabaki yake huziba njia ya vyombo vingine.

Kwa hiyo lawama ya kwanza haimfuati anayetaka kutoka, bali aliyejenga nyumba yenye mlango wa kuingilia tu. Muuzaji ndiye peke yake awezaye kulipokea juma bila ya kumdhuru mtu wa tatu: ana chumba, ana daftari, ana wateja wapya. Katika fiqhi hilo huitwa iqala, kumkubalia anayejuta arudishe alichokichukua, nalo limesifiwa kuwa ni ihsani, si wajibu. Pengine kwa mauzo ya sokoni inatosha kuwa ihsani. Kwa kitu kisicho na soko, chenye ada isiyokoma, ni shida kuona kwa nini lisiwe wajibu, hata kama anayerudisha atatozwa ada ya mwaka mmoja au miwili ili waliobaki wasielemewe. Baadhi ya kampuni zimeanza kupokea majuma kwa masharti kama hayo, hasa kutoka kwa wazee na wagonjwa.

Mjane, akipewa fomu hiyo, huambiwa aambatishe hati ya kifo cha mumewe na risiti ya kuonyesha kuwa ada ya mwaka huu imelipwa. Huitafuta kalamu, na safari hii hakuna anayemharakisha.