Binti Mfalme wa Chełmno

Wapo wasomaji wanaokiona kitabu cha Jane Yolen, Briar Rose, kuwa kufuru. Riwaya hiyo ya mwaka 1992 imechukua ngano ya binti mfalme aliyelala miaka mia na kuihamishia Chełmno, kijiji cha Poland ambako Wanazi waliua watu zaidi ya 150,000, karibu wote Wayahudi. Lawama yao si ya kipuuzi. Vifo vya namna ile havihitaji mapambo, na anayevichanganya na hekaya huenda akawapa nguvu wanaodai kwamba Maangamizi ya Wayahudi yenyewe ni hekaya. Hata hivyo, naona yaliyotendeka Chełmno ndiyo yanayoipa riwaya hii haki ya kusimuliwa hivyo.

Kuanzia Desemba 1941, waliofikishwa pale waliingizwa katika jumba kubwa la zamani ambalo wengi waliliita kasri. Wakaambiwa wataoga, kisha watapelekwa kazini. Walivua nguo, wakashushwa chini, wakapitishwa kwenye ujia ulioishia ndani ya lori. Milango ikafungwa, moshi wa injini ukaelekezwa ndani, na lori likapeleka maiti kwenye makaburi ya halaiki msituni, kilomita chache kutoka hapo. Wauaji ndio waliotunga hadithi ya kwanza, na waliitunga ili isijulikane kuwa ni hadithi. Mwaka 1943 wakalilipua hata jumba lenyewe. Hekaya ya Yolen, kinyume chake, inajitangaza tangu mwanzo. Sisi tuliolelewa kwa "Paukwa!" tunajua kwamba anayeitikia "Pakawa!" hajadanganywa na mtu.

Tena ngano yenyewe haikuachwa ilivyo. Katika riwaya, Bibi Gemma, anayewasimulia wajukuu zake huko Marekani, anamtaja mchawi aliyevaa buti nyeusi na kofia yenye nembo ya tai, na usingizi wa kasri unaletwa na ukungu. Kwa ndugu Grimm kasri zima linaamka, mpaka mbwa uani. Kwa Gemma anaamka binti peke yake. Waliobaki wanaendelea kulala. Mjukuu wake Becca, mwandishi wa habari, anapokwenda Poland baada ya bibi kufariki, anagundua kwamba pale ambapo bibi alionekana kuikosea ngano ndipo alipokuwa akisema kweli. Gesi ya Chełmno ilimpokonya Gemma hata jina lake, asibakiwe na kitu cha kusimulia maisha yake isipokuwa hadithi hiyo moja.

Pingamizi zito zaidi ni lile busu linalomwamsha binti katika ngano. Josef Potocki, aliyekuwa na wapiganaji wa msituni, anampulizia Gemma pumzi mdomoni baada ya kutolewa kwenye shimo la maiti, naye anazinduka. Je, msomaji hatafunga kitabu akiamini kwamba wapo waliookoka hivyo? Yolen analijua hilo, na katika maelezo yake ya mwisho anasema wazi kwamba hamjui mwanamke yeyote aliyetoka Chełmno akiwa hai. Kuna watakaosema amechelewa. Sikubaliani nao. Angelisema mwanzoni, tungelisoma kama taarifa na kupita. Akilisema baada ya kutufanya tumpende Gemma na kufurahi kwamba amepona, ndipo tunapoelewa ni nini ambacho wanawake wale hawakukipata.

Ila riwaya haichukui nafasi ya mashahidi. Mordechai Podchlebnik na Szymon Srebrnik, wawili kati ya wachache mno walionusurika, walitoa ushahidi katika kesi ya Mnazi Adolf Eichmann mjini Jerusalem mwaka 1961. Atakayempa kijana Briar Rose ampe na maneno ya watu hao, na amsisitize asiyaruke yale maelezo ya mwisho.